Asali Haitoki Kwenye Kisiki

Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, mara nyingi kurasa hizi huzungumzia malezi, masomo na amani ndani ya nyumba. Safari hii tunaomba mtuvumilie tuzungumzie miti na nyuki. Msidhani kwamba tumetoka nje ya mambo ya familia. Moto unaochemsha maharage jikoni, na kijiko cha asali anachopewa mtoto aliyevuka mwaka mmoja akiwa na kikohozi, vyote viwili vinatoka kwenye msitu mmoja. Na msitu huo, kwa sisi tunaoishi kati ya Mponela, Dzaleka na Lilongwe, unakwisha huku tukiutazama.

Siku hizi watu wengi wanasema dawa ni kufuga nyuki. Tunasikia kwamba ukimpa mchoma mkaa mizinga mitano ataacha shoka, na msitu utapona. Sisi tunaupenda ufugaji wa nyuki, lakini jambo hili si rahisi hivyo. Mahali ambapo mwenye mzinga hana sauti juu ya mti alioutundikia, shoka litamshinda kila mwaka. Kwa hiyo tunasema kwamba makubaliano ya msitu yatangulie, mizinga ifuate. Na sisi tunaonunua mkaa tusijitoe kwenye kesi hii, kwa sababu sisi ndio wateja.

Uchi, makala na mtengo

Mtu wa Kiswahili anayefika Malawi kwa mara ya kwanza hushtuka anaposikia muuzaji akitangaza kwamba anauza uchi. Asiogope. Kwa Kichewa uchi ni asali, na njuchi ni nyuki. Baadaye husikia makala, na kama ametoka Tanzania au Kenya hudhani ni maandishi ya gazetini, kumbe ni mkaa. Ndugu zetu waliotoka Kongo hawapati tabu hapo, maana hata kwao mkaa huitwa makala.

Neno la tatu ndilo linalotugusa zaidi. Kwa Kichewa mtengo ni mti, na mtengo huohuo ni bei ya kitu. Wenyeji wetu wanatumia neno moja kwa mti na kwa bei. Nasi tukitafakari tunaona kwamba mti wa msituni una bei mbili. Iko bei ya mti ukiwa umesimama, nayo hulipwa kidogo kidogo kila msimu kwa asali, nta, uyoga, dawa, kivuli na maji. Na iko bei ya mti ukiwa umeanguka, ambayo hulipwa mara moja, wiki hiihii, kwa gunia. Ugomvi wote wa nyuki na shoka ni ugomvi wa bei hizi mbili.

Nyuki anataka nini?

Msitu wa asili wa sehemu hizi ni miombo. Ni msitu unaoanzia Angola ukapita Zambia, Kongo ya kusini, Malawi na Msumbiji mpaka Tanzania magharibi na kusini. Watu wa Tabora huwajua miti hiyo kwa majina yao, mtundu na jamaa zake. Ndani yake mna pia miti ya mbao kama mninga, ambao hapa Malawi huitwa mlombwa.

Miombo ina tabia moja ambayo kila mwanafunzi anafaa kuijua. Mingi kati ya miti hiyo hutoa majani mapya na maua mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijaanza, wakati mashamba yote ni makavu na hakuna kitu kingine kinachochanua. Mingine huchanua baadaye, mvua zikiwa zinakaribia kwisha. Ndiyo maana wafuga nyuki wa miombo hupata misimu miwili ya kurina. Nyuki kwa kawaida hutafuta chakula ndani ya kilomita mbili au tatu kutoka kwenye mzinga wake. Ukikata miti iliyomo ndani ya duara hilo, hakuna haja ya kumfukuza. Nyuki wetu wa Afrika ni mwepesi wa kuhama, na akikosa maua na maji ataondoka na kundi zima na kumwachia mwenyewe sanduku tupu.

Waswahili husema fuata nyuki ule asali. Lakini ukimfuata nyuki utafika kwenye mti. Hata katika Qur'ani, sura ya 16, An-Nahl, ambayo imepewa jina la nyuki, mdudu huyu hatajwi peke yake. Anatajwa pamoja na makazi yake, milimani na mitini. Anayetaka asali na hautaki mti anataka jambo lisilokuwapo.

Wapo wanaotuambia kwamba miombo hukua tena. Ni kweli, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Kisiki cha miombo hutoa machipukizi bila kupandwa na mtu. Lakini chipukizi si mti. Linahitaji miaka mingi kufikia umri wa kutoa maua ya kutosha kulisha makundi ya nyuki, na hiyo ni endapo halitakatwa tena kwa ajili ya kuni, wala kuunguzwa na moto wa kila kiangazi, wala kung'olewa ili pachimbwe matuta ya mahindi. Kwa sasa mtu anarudi kwenye kisiki kilekile kabla fimbo zake hazijawa nene kama mkono.

Shoka linalishwa na nani?

Tuseme ukweli juu ya mkaa. Zaidi ya kaya tisa katika kila kumi nchini Malawi hupikia kuni au mkaa. Vijijini ni kuni, mjini ni mkaa. Lilongwe ni jiji linalokua haraka, na hata nyumba yenye umeme mara nyingi haipikii umeme. Januari 2022 Kimbunga Ana kiliharibu bwawa la Kapichira kwenye mto Shire, taifa likapoteza kwa muda mrefu sehemu kubwa ya umeme wake. Watu wakiwa gizani hawaachi kula. Huenda kwa muuza makala.

Mchoma mkaa hutumia tanuru la udongo. Hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, huyawasha na kuyachunga siku kadhaa. Kwa njia hiyo, kilo moja ya mkaa hula kati ya kilo 5 na kilo 10 za kuni. Gunia la kilo 50 tunalolishusha mlangoni kwetu lilikuwa kilo 250 hadi 500 za mti. Kila mama anajua gunia moja linadumu siku ngapi nyumbani kwake. Azidishe mwenyewe kwa mwaka, kisha azidishe kwa nyumba za mtaa wake.

Sheria zipo. Iko Sheria ya Misitu ya 1997. Mwaka 2017 serikali ilitoa mkakati wa taifa wa mkaa, wa miaka kumi hadi 2027. Mwaka 2020 sheria ile ilirekebishwa na adhabu zikaongezwa sana. Kwenye hifadhi ya Dzalanyama, kusini magharibi mwa Lilongwe, ambako ndiko unakoanzia mto Lilongwe unaojaza mabwawa ya Kamuzu na kulinywesha jiji, serikali ilifika hadi kupeleka wanajeshi katika miaka ya 2010. Hata hivyo baiskeli zilizofungwa magunia bado zinaingia mjini alfajiri. Kwa nini? Kwa sababu mjini kuna mnunuzi anayesubiri, naye ni sisi.

Pamoja na hayo tusiseme kwamba kila mti ulioanguka uliangushwa na mkaa. Sehemu kubwa ya miombo ya tambarare ya Lilongwe, Dowa na Kasungu ilifyekwa kwa ajili ya mahindi na tumbaku. Tumbaku inataka mti hata baada ya shamba kusafishwa. Ipo inayokaushwa kwa moto wa kuni, na ipo inayokaushwa kwa upepo ndani ya vibanda vinavyojengwa kwa nguzo. Halafu wako wapasua mbao wanaoutafuta mlombwa popote uliposalia. Mchoma mkaa anayekamatwa na gunia barabarani ni mmoja tu katika safu ndefu, na aghalabu ndiye maskini kuliko wote.

Dzaleka: mzinga bila mti

Sasa tuje nyumbani. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa 1994 kwenye eneo lililokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Hastings Kamuzu Banda. Ilipangwa kwa watu wasiozidi 14,000. Leo wanaoishi humo wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni na mitaani. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi warudi Dzaleka, na msongamano ukazidi. Mgao wa chakula nao umepunguzwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni.

Watu zaidi ya elfu hamsini wanapika kila siku. Kuni zinatoka wapi? Zinatoka kwa wenyeji, kwa kununua, kwa kuomba, au kwa kwenda kuzitafuta. Anayekwenda kutafuta mara nyingi ni mama au binti. Kila mwaka anakwenda mbali zaidi, na kila mwaka ugomvi na wenye ardhi unakuwa mkali zaidi. Mzazi anayemtuma binti yake kuni anajua hofu anayobaki nayo mpaka amwone akirudi.

Jambo hili tulishaliona upande mwingine wa Afrika Mashariki. Wakimbizi wa Rwanda walipoingia Ngara na Karagwe mkoani Kagera, Tanzania, mwaka 1994, idadi yao ilizidi laki sita. Kwa hesabu zilizotolewa na UNHCR, walikuwa wakitumia tani 1,200 za kuni kwa siku, na hadi 1996 kilomita za mraba 570 za msitu zilikuwa zimeathirika, ambapo 167 kati yake zilikuwa zimeharibika vibaya. Mkimbizi hakuuchukia msitu. Aliwekwa mahali pamoja na wenzake wengi, akapewa nafaka na maharage yanayotaka moto wa saa nyingi, na moto wenyewe hakupewa.

Je, ufugaji wa nyuki unaweza kumsaidia mkimbizi wa Dzaleka? Tunaamini unaweza, lakini tutazame vizuizi vyake bila kujidanganya.

Kwanza, nyuki hawawezi kuwekwa kambini. Nyumba zimebanana, watoto wanacheza kila uchochoro, na nyuki wa Afrika akichokozwa huua mbuzi, hata mtu. Manzuki lazima yawe mbali na makazi, na mbali na makazi ni ardhi ya mwenyeji. Kwa hiyo mfuga nyuki mkimbizi lazima atundike mzinga wake kwenye mti wa mtu mwingine.

Pili, Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, vikiwemo vya mali, kazi na uhuru wa kutembea. Mkimbizi aliye kambini hana ardhi yake, na kutoka kwake nje kuna masharti. Mfuga nyuki asiyeweza kufika kwenye mizinga yake wakati wa kurina, au usiku moto unapokaribia, atafugaje?

Tatu, mwenyeji mwenye mti naye ana shida zake. Gharama za shule zinamsubiri, mbolea ni ghali, na mnunuzi wa mkaa yuko mlangoni na pesa taslimu. Ukimwambia ahifadhi mti wake ili jirani asiyemfahamu avune asali, atakuona mtu wa ajabu.

Ukiyaunganisha hayo matatu utaelewa kwa nini kugawa mizinga peke yake ni kazi bure. Sanduku la mbao lenye mfuniko wa bati ni zuri kupigwa picha siku ya kukabidhiwa. Mwaka unaofuata mti umekatwa, nyuki wamehama, na sanduku limegeuzwa kiota cha kuku.

Mfuga nyuki naye ajitazame

Tusimfanye mfuga nyuki kuwa malaika. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuubandua mti mzima gome lake, na mti huo hufa. Mzinga wa gogo unataka gogo. Mrina asali wa kienyeji anayekwenda na mwenge wa majani mara nyingi huacha cheche nyuma yake, na moto wa msituni mwezi wa tisa au wa kumi huteketeza maua yaleyale ambayo nyuki anayangojea. Wengine huangusha mti mzima ili wapate kopo moja la asali iliyojaa majivu na watoto wa nyuki. Huyo hana tofauti na mkata miti, ila mkononi amebeba kopo badala ya gunia.

Hata hivyo kuna somo katika nchi jirani ya Zambia. Kule Kabompo, kaskazini magharibi, watu wamefuga nyuki kwa mizinga ya magome vizazi kwa vizazi. Miti fulani ilikufa kwa ajili ya mizinga hiyo, lakini maelfu ya familia walikuwa na sababu ya kutaka msitu uliobaki usimame, na asali yao ikapata hati ya kimataifa ya asali isiyo na kemikali mapema, mwaka 1990. Somo tunalolipata ni kwamba aina ya mzinga ni muhimu, lakini lililo muhimu zaidi ni watu wengi kuona kwamba msitu ni mali yao na unawalisha.

Majirani wa Tanzania

Tanzania ina historia ndefu ya asali ya miombo, na Tabora imejulikana kwa asali na nta tangu enzi za ukoloni. Mwaka 2002 nchi hiyo ilitunga sheria mbili kwa pamoja, Sheria ya Misitu na Sheria ya Ufugaji Nyuki. Hiyo ya pili inaruhusu kutengwa kwa hifadhi za nyuki, hata za kijiji. Huko Mlele, mkoani Katavi, wafuga nyuki wa Inyonga walitengewa eneo la nyuki ndani ya msitu wa hifadhi, nao wakashiriki kulilinda. Hapo mwenye mzinga hakupewa mzinga tu. Alipewa sauti juu ya mti.

Lakini Tanzania hiyohiyo inatupa onyo. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007, kuhusu biashara ya magogo ya kusini mwa nchi, ilieleza jinsi magogo ya miti ya asili yalivyokuwa yakivunwa na kusafirishwa hasa kwenda China, huku taifa likipoteza hadi dola milioni 58 za mapato kwa mwaka. Hesabu za China za mazao ya mbao yaliyoingia zilikuwa mara kumi ya zile ambazo Tanzania iliandika kuwa yametoka. Sheria ilikuwapo tayari. Kwa hiyo karatasi peke yake haimzuii mwenye lori. Anazuiwa na watu wanaokaa karibu na msitu, wanaoujua na wenye cha kupoteza.

Na wenzetu waliotoka Kivu wanajua zaidi kuliko sisi, kwa sababu wameona mkaa wa Virunga ukilisha mji wa Goma na kuwalisha wenye bunduki pia. Mkaa ukifika mahali pa kulindwa kwa bunduki, mfuga nyuki hana tena nafasi ya kusema chochote.

Tunapendekeza nini?

Wazee wetu walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hatutaki kumwambia mchoma mkaa aache leo, kisha tumwache alale na njaa. Mkaa unampa pesa kila wiki, asali itampa mara mbili kwa mwaka. Mzinga uliokaliwa vizuri unaweza kutoa kilo 10 hadi 20 za asali kwa mwaka, lakini mzinga mpya huenda ukakaa miezi bila nyuki, na mingine haikaliwi kabisa. Anayemwahidi maskini utajiri wa haraka kwa nyuki anamdanganya. Kwa hiyo tunapendekeza haya.

Moja, makubaliano kwanza. Sheria ya Misitu ya Malawi ya 1997 inaruhusu kijiji kutenga sehemu ya ardhi yake kuwa msitu wa kijiji na kuusimamia kwa kamati. Wafadhili, misikiti, makanisa na mashirika yanayotaka kuleta mizinga karibu na Dzaleka au Mponela yaanze kwa chifu, kamati ya kijiji na afisa misitu. Iandikwe ni kipande gani cha msitu, nani ataokota kuni kavu, nani atazima moto, mizinga mingapi itakuwa ya wenyeji na mingapi ya wakimbizi, na asali itagawanywa vipi. Mwenyeji apate sehemu yake kwa sababu mti ni wake. Mkimbizi naye apate ruhusa ya maandishi ya kufika kwenye manzuki. Bila hayo, sadaka yetu ielekezwe kwingine.

Mbili, pesa ya kuvukia. Vikundi vya akiba ambavyo hapa huitwa banki mkhonde vimeshazoeleka kwa wanawake wa vijijini na wa kambini. Kikundi cha wafuga nyuki kikiwa na akiba yake, mwanachama atakopa mwezi wa njaa badala ya kurudi kwenye tanuru.

Tatu, mizinga ya mbao na kurina kwa adabu. Mizinga ya vibao itengenezwe kwa mbao za miti ya kupandwa, si kwa magome ya miombo. Atumike bomba la moshi, si mwenge. Asali irinwe ikiwa imeiva, isichanganywe na sukari. Asali iliyochakachuliwa inamuumiza mfuga nyuki mkweli, kwa sababu mnunuzi akidanganywa mara moja hamwamini tena yeyote.

Nne, jikoni kwetu. Hapa hatuna wa kumlaumu. Jiko la udongo linaloitwa chitetezo mbaula linafinyangwa na kina mama wa Malawi wenyewe, na linatumia kuni chache kuliko mafiga matatu. Maharage yalowekwe usiku kucha, chungu kifunikwe, kuni zikauke kabla ya kuwashwa. Ni mambo madogo, tunakiri, lakini ndiyo yaliyo mikononi mwetu, na hayahitaji kibali cha mtu.

Tano, miti ya karibu na nyumba. Wapo wanaouchukia mkaratusi kwa sababu si mti wa kwetu na unakunywa maji mengi. Usipandwe kwenye chemchemi, wala miombo isifyekwe ili upandwe. Lakini ukipandwa kwenye mpaka wa shamba utatoa nguzo na kuni haraka, na maua yake nyuki anayapenda. Kila gunia la kuni linalotoka kwenye mti wa kupandwa ni ahueni kwa msitu wa asili.

Sita, kwa wanafunzi. Ninyi ndio mnaoweza kufanya lile ambalo wazee hawajalifanya. Chukueni daftari, waulizeni wenyeji majina ya miti iliyobaki, andikeni kila mmoja unachanua mwezi gani na nyuki wanautembelea au la. Andikeni kwa Kichewa na kwa Kiswahili. Mtoto wa Bukavu na mtoto wa Dowa wakiandika orodha moja, watakuwa wameanza makubaliano yale tunayowaomba wakubwa wayafanye.

Wapo watakaosema kwamba tunawabebesha maskini mzigo wa wakubwa, kwamba wenye malori ya magogo na mashamba makubwa ya tumbaku ndio wa kuulizwa. Tunakubali kwamba hao waulizwe, na tunaitaka serikali iwaulize kwa ukali uleule inaoutumia kwa mwenye baiskeli. Lakini wakati tunangoja majibu yao, msitu unapungua, na safari ya binti yetu kwenda kuni inarefuka. Hatuwezi kungoja mikono mitupu.

Ndugu wasomaji, safari hii mkiombwa mchango wa mizinga ya nyuki, ulizeni swali moja kabla ya kutoa: itatundikwa kwenye mti wa nani, na mwenye mti amekubali nini? Mkipata jibu lililoandikwa na kutiwa sahihi, toeni kwa moyo mweupe. Mkikosa jibu, mwambieni anayeomba akalitafute kwanza kwa chifu, kisha arudi.